Bibi Penka Alinyamaza Kama Nilivyomwamuru

Zornitsa, mgeni njoo, mwenyeji aumbuke! Leo mahakamani, mimi karani wa kuita watu mlangoni, nimeumbuka.

Bibi Penka alikuja kupigania asinyang'anywe mjukuu wake. Kuniuliza swali moja tu, nikamkaripia: "Kaa pale, nyamaza, utaitwa!"

Zamu yake ilipofika nikaliita jina lake mlangoni mara tatu, mdomo umejaa banitsa, ule mkate wa jibini. Nani angesikia? Nikamwambia jaji kwamba Bibi hayupo.

Kutoka nje, yuko palepale kwenye benchi. "Mwanangu, uliniambia ninyamaze. Nimenyamaza."

Nimenyamaza! Zori, neno hilo halinitoki.

Nikamvamia jaji kabla hajafunga kesi: "Yupo! Kosa ni langu!" Bibi akasikilizwa.

Sasa jaji anataka nimwombe radhi kwa kuingia bila kuitwa. Nimemjibu: Bibi Penka nimemwomba, tena kwa kupiga magoti. Wewe, mheshimiwa, sikuombi.