Filamu Bila Sauti

Shella, Malindi

Mume wangu Salmin,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na paka wako amezaa tena juu ya kabati.

Siku hizi natazama filamu za Kihindi kwenye simu ya dada yako Safaa. Sauti naizima, maana mama yako akisikia nyimbo atasema sina haya. Ya juzi ilinipendeza: askari aliyeliliwa na kijiji kizima alitokea mlangoni siku ya harusi ya mkewe. Safaa alicheka, akasema huo ni uongo mtupu. Mimi nililia mpaka akaninyang'anya simu. Ya jana sikuitaka. Shujaa alikufa kweli.

Salmin, tangu meli yenu ilipozama wamenikalisha eda. Maiti yako hakuna aliyeiona, lakini wote wameridhika. Eda inakwisha Alhamisi. Siku ya pili yake wataniozesha Zayd, mdogo wako, na kaka yangu ameshaitikia.

Barua hii naituma kwenye chumba chako cha Dubai, sina pengine. Kama uko hai, piga hata simu. Yule askari aliikuta harusi imeshaanza. Wewe usichelewe hivyo, nakusihi.

Mkeo mpaka Ijumaa,
Sheikha