Mstari Uliorudi Njia Ileile

Shoga, soma hii halafu uifute.

Unajua zile diski za breki tunazopima maabara, za alumini iliyochanganywa na chembe za kauri? Leo mkuu wangu kanionyesha grafu ya kutanuka kwa diski mpya. Eti imepashwa moto, ikapozwa, na mstari umeshukia njia ileile uliyopandia. Njia ILEILE!

Haiwezekani. Alumini ikipata moto hutanuka sana, kauri kidogo tu. Zinavutana humo ndani mpaka alumini inasalimu amri, inalegea, mkazo unapungua. Ndiyo maana mara ya kwanza mstari haurudi ulikopita.

Nikamwambia, "Mzee, diski hii haijaona moto."

Akacheka. "Imetulia tu, mwanangu."

Imetulia! Kwani ni mtoto mchanga? Hapa pana mkono wa mtu.

Nikauliza, "Nani kaipima?"

Akanitazama. "Umeisahau sahihi yako?"

Shoga, nimeiangalia. Ni yangu kabisa, hadi ule mkia ninaouvuta mwishoni. Na tarehe ni Jumanne, ile niliyoshinda kwako tukimuuguza mama yako.

Ngoja. Usifute kitu. Shahidi wangu ni wewe.