Siku Tuliyokwenda Mikumi Kuangalia Tembo

Mlabani,
S.L.P. 118,
Ifakara.

22 Septemba 2024

Mpendwa Shemeji Agapiti,

Pokea salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Ignas na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia tangu ulipokubali kwamba wewe si kijana tena wa kubeba magunia. Huko Mpanda mvua zimeanza? Huku bado ni vumbi.

Sisi tuko salama. Nakula, nalala, nafua, Jumapili nakwenda kanisani. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukujibu, kwa sababu tangu kaka yako afariki mambo mengi yananipita kana kwamba yanamhusu mtu mwingine. Watu wananiambia nimejikaza vizuri. Mimi sijajikaza, shemeji. Sihisi kitu, basi.

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata. Nisamehe kwa kuchelewa. Ningeweza kupiga simu, lakini unanifahamu, nikishika simu nasema "ndiyo" na "haya" mpaka inakatika.

Uliuliza kama nimepatana na binti yangu Noela. Nitakujibu. Lakini kuna swali lako jingine la zamani. Siku tulipomaliza matanga ya kaka yako Evaristo ulisimama mbele ya ukoo ukauliza ni nani aliyeanza kupiga debe la kufukuzia tembo asubuhi ile kule Michenga, na mimi nilisema sauti ilitokea upande wa shamba la Vitus. Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Niache nilifikie kwa njia yangu, maana nikianza nalo nitaliacha katikati.

Noela, kama unavyojua, alimaliza masomo mwaka jana na sasa ni mwongoza watalii Mikumi. Aliponiambia anataka kujifunza kazi hiyo, nilimjibu kwamba mnyama amemuua baba yake na yeye anakwenda kuwaonyesha watu jinsi mnyama huyo alivyo mzuri. Tangu hapo ilikuwa shikamoo na marahaba tu. Watu walidhani nina hasira naye. Ningekuwa na hasira ningefurahi, maana ingekuwa ni kitu.

Mwezi uliopita alimpigia Dativa, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, akaomba akina mama tuende siku moja tukatembee hifadhini, yeye atatuongoza. Dativa hawezi kusikia jambo bila kuliundia kamati. Wiki hiyohiyo kulikuwa na kamati ya chakula, kamati ya usafiri na kamati ya sare. Hata Mwanamkasi mwenye duka hapa jirani aliandikishwa. Alipoambiwa kwamba ni safari ya jumuiya alisema wanyama hawana jumuiya, wao wanaangaliwa na kila mtu. Mimi nilipewa kazi ya kubeba sufuria la wali. Sikukubali wala sikukataa, nikajikuta nimekaa ndani ya Coaster saa kumi na moja alfajiri, sufuria katikati ya miguu.

Dereva alikuwa Gasper, mpole, haendeshi kwa fujo. Tulipita Mang'ula wenzangu wakiimba, Kidatu wakiwa wamechoka kuimba, na Mikumi tulifika jua likiwa limeshapanda. Getini wakaangalia vitambulisho vyetu. Noela alikuwa anatusubiri amevaa nguo zake za kaki na kofia. Amekonda, lakini kukonda kwa kazi, si kwa njaa. Aliamkia watu wote mmoja mmoja, mimi akaniamkia wa mwisho, akapanda akasimama mbele karibu na Gasper.

Alitupa masharti. Tusitoe mikono nje, tusitupe kitu, tusipige kelele. Dativa akayarudia yote kwa sauti kubwa zaidi ili yaonekane ni yake.

Nikusimulie tulichoona, maana Ignas atataka kujua. Swala wa kwanza walipigwa picha mpaka simu ya Dativa ikajaa, wa ishirini hakuna aliyegeuza shingo. Tuliona pundamilia, nyati, na twiga aliyesimama barabarani akatuangalia kwa dharau kama karani wa ofisi saa ya chakula. Tuliona bwawa lenye viboko. Mwanamkasi alicheka sana hapo. Alisema watu wa Kilombero tunamkimbia kiboko mwaka mzima, halafu tunavaa sare kwenda kumtafuta.

Pale bwawani kulikuwa na gari la wazi la wageni kutoka Ulaya. Mama mmoja wa makamo yangu, mwekundu kwa jua, alikuwa analia. Noela akatuambia analia kwa furaha, alikuwa anaitamani safari hiyo tangu utotoni. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Sikumcheka. Nilitaka tu kujua anafanyaje.

Tembo tuliwakuta karibu saa sita. Walikuwa watatu wakubwa na mtoto mmoja, wanavuka barabara mbele yetu. Gasper akazima injini. Kina mama wote kimya, hata Dativa. Walivuka taratibu, wakatupa mgongo, wakaanza kuingia majanini. Nilikuwa nawaangalia bila hofu na bila chuki. Miguu, mikia, masikio. Nikawaza, basi ndiyo hivi tu.

Halafu nikasikia kelele, na kelele ilikuwa ni mimi. Nilikuwa nimeshika mwiko wa chuma, napiga sufuria, napiga kwa nguvu zote kama niko juu ya dungu nalinda mpunga, na sauti inanitoka ile ya kufukuzia.

Tembo wa nyuma aligeuka. Akatanua masikio, akaja hatua nne, tano, vumbi likapanda. Mwanamkasi alianza kusoma dua, wengine wakajificha chini ya viti. Gasper akapeleka mkono kwenye ufunguo, Noela akamzuia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mtulie hivyohivyo. Mama, weka mwiko chini." Nikauweka. Yule tembo alisimama, akatikisa kichwa, akasimama tena muda ambao siwezi kukuambia ni kiasi gani, kisha akawafuata wenzake.

Wenzangu walinihurumia. Walisema ni uchungu wa mume umenirudia ghafla. Niliwaacha waseme hivyo.

Shemeji, wewe uliondoka Michenga ukiwa kijana, nadhani utaratibu wa madungu hujausahau. Tembo akija shambani, anayemwona kwanza anapiga debe, na kila anayesikia kwenye dungu lake anaitikia, mpaka bonde zima linalia mabati. Akishageuka na kukupa mgongo, mnanyamaza wote na kumwachia njia yake. Kumpigia kelele aliyekwisha kuondoka ni kumrudisha. Evaristo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni jambo hili, na alikuwa mkali kwalo.

Asubuhi ile tembo walikuwa wameshakula na wanaondoka. Evaristo alishuka, nikadhani amekwenda kuangalia mfereji, kumbe alikuwa kwenye njia anawafuata kwa mbali ahakikishe wanavuka. Mwanga ulipotoka nikasimama juu ya dungu nikaona mpunga wetu. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuvune, na wote umelala chini. Hapo nilihisi kitu, na ndicho cha mwisho ninachokikumbuka. Nilishikwa na hasira. Tembo walikuwa mbali, wametupa mgongo, naijua sheria kama wewe unavyoijua. Nikachukua debe nikapiga. Sikupiga kufukuza. Nilipiga kwa ajili ya mpunga.

Noela aliitikia, alikuwa kwenye dungu la shamba la pili karibu na njia. Vitus akaitikia kutoka kwake. Tembo mmoja akageuka. Yaliyobaki unayajua.

Mimi ndiye niliyeanza, Agapiti. Uliponiuliza mbele ya ukoo nilitaja jina lililokuja mdomoni. Ukaacha kumsalimia Vitus, na ukoo ukakufuata, na majirani wakaufuata ukoo. Msimu uliopita Vitus alipiga debe peke yake siku tatu na hakuna aliyemwitikia. Mimi nilikuwa kwenye dungu langu nikamsikia. Debe lilikuwa miguuni pangu. Alivuna magunia mawili. Hajawahi kuja kuniuliza kwa nini nilisema vile, na anajua si yeye. Nikikutana naye sokoni ananipa pole ya mume.

Sasa nirudi Mikumi, maana sijamaliza. Tulipofika mahali pa kupumzikia, kina mama wakapakua. Noela alinivuta nyuma ya gari. Nilijua ameshaelewa. Nilisema moyoni, sawa, aseme, yaishe.

Akasema, "Mama, nilikuita huku nikuambie kitu. Aliyemuua baba ni mimi."

Sikumwelewa. Akaendelea, "Vitus alianza, lakini Vitus alikuwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na njia. Niliona kabisa wameshatupa mgongo, nikaitikia hivyohivyo, kwa mazoea tu. Nisingeitikia asingegeuka upande ule. Ndiyo maana nimesomea hii kazi. Nilitaka kujua kama angegeuka au asingegeuka. Nimewauliza walimu wote, mama. Hakuna anayeweza kuniambia."

Mtoto wa miaka ishirini na tatu. Miaka miwili na zaidi amebeba hilo, na mimi nilidhani amekonda kwa kazi.

Na mimi nilikuwa na neno la kumtua mzigo. Lilikuwa fupi. Najua ulivyo, hapa unasoma ukitumaini nililisema. Nilimwambia, "Nenda ukale, chakula kinapoa." Akaniangalia kidogo, akasema haya mama, akaenda. Alikula amesimama. Jioni alituaga getini, akawashukuru kina mama kwa kuja.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasubiri nilie. Nilimkumbuka yule mama wa Ulaya, nikajaribu hata kukaza uso kama yeye. Hakuna kilichotoka. Kitu pekee nilichokiona waziwazi ni kwamba nikikaa kimya, huyu mtoto atazeeka na jambo lisilo lake, na Vitus ataacha shamba, na mimi nitaendelea kupewa pole. Sihitaji kulia ili nijue hilo ni baya.

Noela amekuja nyumbani tangu juzi, ana mapumziko ya siku nne. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza nikamtuma maji, mara ya pili nikamuuliza habari za Gasper, mara ya tatu nikasema nakwenda kulala, na ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sasa hivi yuko uani anachambua mchele na Mwanamkasi, nawasikia wakicheka kuhusu Dativa na kamati zake.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Barua hii sitaifunga. Kesho nitampa aipeleke posta, na nitamwambia aisome kwanza. Akishaisoma, kuituma au kuichana ni juu yake. Ikikufikia, ujue mwanao Noela ameshajua, na wewe ndiye wa pili.

Kwako naomba mambo mawili. La kwanza, andika kwa ukoo wote kama ulivyosema mbele ya wote, na jina langu liwemo, usilifunike kwa sababu mimi ni mjane wa kaka yako. La pili, usiharakishe kunisamehe. Ukinisamehe haraka nitasema "haya" kama kwenye simu.

Nisalimie Mama Ignas, mwambie kitenge alichonitumia nimekishona, kimenikaa. Nisalimie Ignas, mwambie twiga analala amesimama, Noela ndiye aliyesema. Salamu pia kwa mzee Kelestini ukimwona mnadani. Mungu awape mvua ya kutosha na nyumba isiyo na ugonjwa.

Salamu za Noela sikuziandika. Nimemwachia nafasi hapa chini, akipenda aandike mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda ingawa siku hizi sijui kuonyesha,

Yosefina


Shikamoo Baba Mdogo. Nimeisoma. Posta wanafungua saa mbili, lakini tunapita kwanza kwa Vitus, mimi na mama. Mama ndiye atakayesema, nimemwambia sitamsaidia hata neno moja. Ameshavaa viatu, amekaa mlangoni ananisubiri, na ananiuliza kama maji ya kunywa nimebeba.

Noela