Tundu la Nyuma ya Friji

Bondeni, Nakuru. Jumatano, Julai 1957.

Baridi tangu asubuhi, na upepo unaleta lile vumbi jeupe la ziwani.

Nisamehe, daftari langu. Nimekunyamazia tangu mvua ndefu zianze, nawe umekaa chini ya godoro ukinusa mikojo ya mtoto. Sina sababu nzuri. Nikikaa chini jioni, macho yanajifumba kabla mkono haujafungua ukurasa.

Leo naandika kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kujidanganya.

Friji ilifika Jumatatu. Baba Akinyi aliinunua huko Eldoret anakofanya kazi ya reli, kwa mzungu aliyekuwa anafunga duka lake la nyama, akaituma kwa gari moshi. Ni ile ya madukani, milango miwili, ya kuwekea maziwa na nyama ya hoteli yetu. Inatumia mafuta ya taa. Chini yake kuna moto unaowaka mchana na usiku, na huo moto, ajabu ya Mungu, ndio unaofanya baridi. Mume wangu aliniagiza neno moja tu: isilazwe. Ikilazwa, dawa iliyo ndani inahama mahali pake.

Kufika stesheni, Barasa wa mkokoteni na mwenzake walikuwa wameshaishika miguu.

"Mama, hata mgonjwa hubebwa amelala!"

"Huyu si mgonjwa. Msimamishe."

"Na akianguka?"

"Basi anguka wewe kwanza."

Walicheka, wakaifunga kamba ikiwa wima. Mimi nikatembea kando yake, mtoto mgongoni, kiganja juu ya bati lake kama mtu anayetuliza ng'ombe.

Sakafu ya hoteli yetu ina mteremko ili maji ya kuoshea yatoke mlangoni yenyewe. Friji haitaki mteremko. Tuliweka karai la maji juu yake, Barasa akawa anapachika vipande vya mbao chini ya miguu mpaka maji yakakaa sawa. Nyuma yake akatoa matofali mawili ukutani, moshi na hewa mbaya vipate pa kutokea. Tukaiacha itulie. Jana mchana nikaiwasha, na kufika jioni maziwa yalikuwa baridi hata Akinyi alipoonja akakunja uso kama amemeza ndimu.

Hapo ningepumzika. Lakini moto ulikuwa wa manjano, si wa buluu kama unavyotakiwa, na bomba lake la moshi lilikuwa limepata ufa njiani. Niliuona. Nikasema nitaangalia asubuhi. Mgongo ulikuwa unaniuma.

Mama mkwe yuko nasi tangu nijifungue huyu mdogo. Kwetu Wajaluo, mama halali katika chumba cha mwanawe. Kwa hiyo mimi na mtoto mchanga tuko chumba cha nyuma, naye analala huku mbele hotelini, meza zikisukumwa kando, pamoja na Akinyi ambaye hakubali kuachana na Dani wake, ndivyo anavyomwita bibi yake. Na mke wa mtu haendi kuchungulia alipolala mama mkwe. Ni heshima.

Kila siku yeye ndiye anayetangulia kuamka. Anakohoa, anafagia, halafu ananiita kwa jina la kwetu nilikozaliwa: "Nyar Alego! Jua likukute umelala kama mke wa chifu!"

Leo hakukohoa.

Nilifurahi. Acha niandike hivyo hivyo. Nililala pale, mtoto akinyonya, nikajiambia leo kizee kimechoka kunisema. Nikafumba macho tena.

Halafu kimya kikazidi.

Nilipiga hodi. Nikapiga tena. Heshima ikanishika pale mlangoni, mkono kwenye kitasa, na huo muda niliosimama ndio unaonitesa sasa. Nilipoingia, hewa ilikuwa nzito, inawasha koo. Tundu la ukuta lilikuwa limezibwa kwa gunia la viazi, limekandamizwa na mikono inayojua kuzuia upepo wa Julai. Mjukuu asipate baridi. Dani alikuwa amelala mdomo wazi, Akinyi kwapani mwake. Nilimwita Akinyi, hakuitika.

Nilimtoa Akinyi kwanza. Kisha nikamshika mama mkwe makwapani, mimi ambaye hata mkono simpi bila kuinama, nikamburuta mpaka barazani. Nikarudi kuzima ule moto na kung'oa lile gunia.

Akinyi alitapika, ndipo akalia. Nikamwambia lia, mama, lia tena.

Mama mkwe aliamka ameshika kichwa. Neno lake la kwanza: "Nani ameacha mlango wazi? Mtoto ataumwa na baridi."

"Mama, moto huu unakula hewa kama jiko la makaa. Hilo tundu haliguswi tena."

"Nyar Alego, unanifundisha kulea?"

"Ndiyo, Mama. Leo ndiyo."

Alimvuta Akinyi, akamfunika kwa leso yake. Mchana alikataa uji wangu. Jioni ameunywa, lakini hajaniangalia.

Maziwa nimeyachemsha yote. Friji imesimama kimya, na haitawaka tena maadamu kuna mtu analala mbele yake. Jirani yetu Mama Awino, mjane wa ukoo wetu, ana kitanda kitupu. Nikimwambia mama mkwe aende huko, atasema nimemfukuza.

Kesho gari la mizigo linapanda Eldoret, na kuna mtu wetu humo. Haya ndiyo nitakayomwagiza Baba Akinyi alete, nayaandika nisije nikayasahau. Bomba la moshi jipya, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Tambi mbili za moto wa friji. Wavu wa chuma wa kufunika nafasi ya matofali mawili, panya wasipite. Blanketi zito, moja, la mama yake peke yake. Na neno lake mwenyewe kwa mama yake, kwamba alale kwa Mama Awino. Hilo litangulie. Kumburuta nje niliweza. Kumwambia alale wapi, siwezi.