Vidonge vya Damu vya Ndunge

Nzilani mwanangu,

Pokea salamu huko Emali. Mbaazi tumevuna, na mtoto wa marehemu dada yako ameanza kucheka.

Jana nikipanga nguo za dada yako Ndunge nilipata vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, vyote, amevifunga kwa leso. Wanawake wa chama walimwambia, “Ukimeza hivyo mtoto atakuwa mkubwa, utapasuliwa.” Kweli mtoto alikuja mdogo, akatoka haraka, tukapiga vigelegele. Halafu Ndunge akaanza kutokwa na damu, na hakuwa na damu ya kupoteza.

Uliniambia kwa simu kwamba na wewe, na mimba yako hiyo, unaogopa kupasuliwa. Ogopa, mama, lakini vyako meza. Afadhali saa hii ningekuwa namwosha Ndunge kidonda cha kisu.

Ni mimi mama yako, Kalamba.