Kicheko Kinachotangulia

Llanelli, 10 Oktoba 1986

Dada Menna,

Habari za Leicester, na goti lako linaendeleaje? Mimi nipo. Kifua kinakoroma asubuhi, kikishapata chai kinatulia. Bi Rees wa nyumba ya pili anakusalimu.

Umeuliza siku hizi natazama nini. Jumapili kuna tamthilia mpya ya upelelezi, *Kinamasi*. Inspekta anachukua robo saa kuvua glavu, halafu anatazama mvua dirishani. Wapelelezi wetu wote wameachwa na wake zao, na ukiwatazama huwezi kuwalaumu hao wake. Vichekesho ni bora: watu wawili wasiopendana, chumba kimoja, mlango usiofunguka. Alhamisi saa kumi wanarudia *Wapangaji wa Bi Crabtree*. Ndicho kipindi Mama alichokwenda London kukitazama kikirekodiwa, kwa basi la kanisa, miezi mitano kabla hatujamzika.

Yumo, dada. Ni kile kicheko chake kinachotangulia. Mpangaji hajafungua kabati, ukumbi wote kimya, yeye ameshacheka, na mwishoni anashusha pumzi kama mtu anayetua ndoo. Nimemsikia katika sehemu zote tatu zilizorudiwa mpaka sasa.

Kuhusu mimi kuhamia huko kwako kabla ya baridi: daktari amesema, wewe umesema, nimesikia. Ngoja kipindi kiishe.

Mdogo wako,
Idwal


Leicester, 15 Oktoba 1986

Idwal mdogo wangu,

Goti limekubali ngazi tena, ahsante. Nimefurahi kusikia habari zako, isipokuwa za kifua.

Mama alihudhuria siku moja tu, kwa hiyo hawezi kuwa katika sehemu tatu. Nimempigia fundi sauti niliyemfahamu enzi nilipokuwa mwandishi wa gazeti. Anasema walikuwa wakitunza vicheko vizuri na kuvibandika mahali watazamaji walipopoa. Basi ndiyo hivyo. Wamemtumia Mama kama chumvi.

Mimi sina televisheni na siitaki. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja nikiandika habari za kesi, na sijaona muuaji aliyejieleza sebuleni mbele ya majirani.

Chumba chako kimepakwa rangi. Ukungu ulio kwenye kuta za nyumba hiyo ndio uliommaliza Mama, na daktari amekuambia waziwazi kwamba ukipitisha baridi nyingine humo utafuata wewe. Sioni sababu ya kungoja kichekesho.

Dada yako,
Menna


Llanelli, 27 Oktoba 1986

Dada Menna,

Natumai u mzima. Mimi nakohoa lakini nakula.

Maelezo ya fundi wako nimeyakubali, tena nikalala vizuri. Kisha Jumapili ya tarehe 19 nikatazama *Kinamasi*. Ile ni tamthilia, dada, haina watazamaji ukumbini wala vicheko vya kubandika. Inspekta alikuwa anamwendea mjane kumpa habari ya mumewe. Kabla hajagonga mlango, Mama akacheka.

Nikazima. Nikawasha. Mjane alikuwa analia vizuri sana, ndiye mwigizaji pekee mle ndani anayejua kazi yake.

Jana, Jumapili tena, nimeweka kinasa sauti mezani mbele ya televisheni. Kaseti hii hapa. Sijaisikiliza. Isikilize wewe, maana wewe hujawahi kunidanganya hata pale nilipotaka.

Mdogo wako,
Idwal


Leicester, 1 Novemba 1986

Idwal mdogo wangu,

Salamu. Soma barua hii umekaa.

Nimesikiliza mara mbili. Kicheko kipo, dakika ya kumi na tisa, na ni cha Mama kabisa. Lakini hakitoki kwenye televisheni. Kipo karibu na kinasa sauti kuliko waigizaji, na kabla yake springi ya kile kiti chake cha kijani inalia. Ni wewe, Idwal. Umekaa kwenye kiti chake na unacheka kama yeye bila kujijua. Mtu akiishi peke yake miaka kumi na miwili hufanya mambo kama hayo, na si aibu.

Bi Rees aliponipigia simu juzi alinitania: "Mdogo wako ameoa kimyakimya nini? Namsikia mke wake ukutani." Nilimjibu hakuna mwanamke atakayekubali ule ukungu.

Jumamosi ya tarehe 15 nakuja na gari la mizigo.

Dada yako,
Menna


Llanelli, 4 Novemba 1986

Dada Menna,

Nimekaa, nimesoma.

Sikuwamo ndani. Niliwasha kinasa sauti nikaenda ibada ya jioni, ili pumzi zangu zisiharibu. Muulize mchungaji. Nilirudi mapema kwa sababu ya kikohozi. Endelea kusikiliza kaseti baada ya pale ulipoachia, utasikia ufunguo mlangoni, halafu mimi nikikohoa.

Nitahama. Ila nina sharti moja. Sehemu ya mwisho ya *Wapangaji* ni Alhamisi ya tarehe 20. Mimi niende kwako, wewe ubaki uitazame humu, uniandikie ulichosikia kama ulivyokuwa ukiandika mahakamani. Usiongeze, usipunguze. Kama hakuna kitu, sitamtaja tena.

Mdogo wako,
Idwal


Llanelli, 21 Novemba 1986

Idwal mdogo wangu,

Natumai umezoea kitanda, na kwamba unakunywa dawa bila kungoja kusukumwa.

Ufunguo niliusikia. Ni dakika ya ishirini na sita.

Ripoti ya jana ni hii. Niliketi saa kumi kasoro dakika tano. Viti vingine vimeshakwenda na gari, kwa hiyo nilikaa kwenye cha kijani. Kipindi chenyewe ni kizuri kuliko nilivyodhani, ingawa yule Bi Crabtree anapiga kelele mno. Watazamaji walicheka mahali panapostahili. Mama hakuwamo kati yao. Nilisikiliza kwa makini mpaka karibu na mwisho, mpangaji alipolikaribia kabati.

Hapo nilicheka mimi. Mkono wake ulikuwa haujafika kwenye kitasa. Sikuwa nimewahi kuiona sehemu hiyo, na nilijua kilichomo. Nilipomaliza nilishusha pumzi.

Leo asubuhi Bi Rees ameleta keki ya zabibu. Akasema, "Afadhali nyumba ina mtu mwenye furaha, dada. Jana nimekusikia ukicheka mara tatu." Mimi nimeandika moja, kwa kuwa ndiyo niliyoisikia.

Dereva anakuja Jumatatu kuchukua kiti na mimi.

Dada yako,
Menna


Leicester, 9 Desemba 1986

Dada Menna,

U mzima? Hii ni barua ya tatu. Simu inaita tu.

Kifua changu kimepona kabisa, ndicho kinachonitia hofu. Jana usiku nimeota ukikohoa.

Leo nimempata dereva. Anasema alifika Jumatatu ile kama mlivyopatana. Hakupata hata kugonga. Akiwa bado anapanda ngazi alikusikia ndani ukicheka, kisha ukashusha pumzi, na ukamwambia kupitia mlango uliofungwa kwamba unajua alichofuata, arudi zake.

Nimekata tiketi ya treni ya kesho saa tatu. Sijamwambia mtu. Kama unajua tayari kwamba nakuja, tafadhali usicheke.

Mdogo wako,
Idwal