Betri Mpya na Mizinga ya Baba Yako

Nyumbani, nyuma ya karakana ya magari,
Jumapili, tarehe 14.

Mwanangu mpendwa, kifunguamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha au bado kinakukaba? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Hiyo baridi unayoisema, unavaa soksi? Usinijibu "niko salama, mama" halafu basi. Mimi nataka kimoja kimoja. Sisi huku hatujambo. Baba yako mzima, ni goti lake tu linalotabiri mvua. Na mimi mzima, wasiwasi wangu ni ule ule unaoujua, hauna dawa.

Barua yako niliisoma, nikairudia, kisha nikampa shangazi yako anisomee tena nisije nikawa nimeelewa vibaya. Kumbe nimeelewa. Unasema kama siwezi kumsikia baba yako akiwa kule mlimani, mizinga ya nyuki iuzwe, na yule mnunuzi uliyezungumza naye aje kuichukua mwisho wa mwezi. Mwanangu, sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuandikia huku nalia. Lakini ngoja nikueleze yaliyotokea tangu hapo, ndipo uamue.

Unakumbuka nilivyokuambia, ile redio ya mkononi ninayoitana nayo na baba yako akiwa kwenye mizinga mlimani ilinyamaza ghafla. Simu kule nyuma ya mlima haishiki, na mimi nikajua ameanguka tena kama mwaka ule alipoteguka mguu. Nikapiga mayowe mtaa mzima. Mafundi wa karakana wakaacha gari la watu juu ya jeki, wakapanda mbio. Nilichokuwa sijakuandikia ni hiki: walimkuta baba yako amesimama juu ya jiwe, redio mdomoni, anaita "Mama watoto, mama watoto, ova," jasho linamtiririka. Alipowaona akauliza, "Mke wangu kapatwa na nini?" Alidhani nimeanguka mimi!

Basi nikasema betri yake imezeeka. Zile ulizotuachia na redio zako zimefanya kazi, hata mtu huchoka. Nikaenda kwa yule muuzaji wa vifaa vya umeme tunayemwita Bwana Pole, maana hata bei anaitaja kama anatoa rambirambi. Nikamwambia nipe betri kubwa kuliko zote. Akaniuliza, "Mama, redio yenu ya aina gani?" Nikamwambia nyeusi.

Akanipa betri nene kama mche wa sabuni. Nyumbani ikaingia kwenye redio ya baba yako, ikalia tak, moyo wangu ukatulia. Kwenda kuichaji sasa, haishuki kwenye kitako cha chaja! Unene umeizuia, imekaa juu juu. Shangazi yako akasema, "Wifi, umetuletea mgeni asiyepita mlangoni." Nikatafuta ile chaja ya tochi ya zamani, kwa kuwa nyaya zinafanana, nikitaka kuiunganisha. Baba yako alininyang'anya. Akasema ile ni ya betri za nikeli na hii ni ya lithiamu, ukizichanganya unaweza kuunguza nyumba. Chaja ile nimeifunga kwenye mfuko nikaiweka juu ya kabati, na kila nikipita naikodolea macho.

Kesho yake nikarudi dukani na kapu. Ndani yake redio zote mbili, chaja na kitako chake, kama mtu anayempeleka mtoto kupimwa viatu. Kila alichokitoa Bwana Pole nilikijaribu pale pale. Betri iingie kwenye redio yangu na ya baba yako. Redio ikae kwenye kitako. Taa nyekundu iwake. Na volti zilizoandikwa mgongoni zilingane na za betri ya zamani. Hizo nilizisoma mwenyewe, tarakimu hazinishindi. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Mama, unanunua betri au unamposea mwanao?" Nikamwambia yote mawili yanataka uchunguzi. Tukachukua betri tatu za aina moja, yake, yangu na ya akiba. Ile nene Bwana Pole akaipokea kwa huzuni zake.

Sasa sikia. Siku ya kwanza ya betri mpya baba yako kapanda, kafika, kaniita, tukazungumza. Kabla jua halijafika utosini, redio kimya! Nimeshashika kitambaa changu cha kichwa nitoke mbio, shangazi yako hakunyanyua hata uso kwenye cherehani yake. "Kaa chini wewe. Hebu tazama redio yako."

Taa yangu imezimika. Iliyokufa ilikuwa ya kwangu, wala si ya mlimani.

"Tangu asubuhi hujatoa kidole kwenye kitufe cha kuongelea," akaniambia. "Umemuuliza ameamkaje, na mmeamka kitanda kimoja. Umemuuliza kama amekunywa chai, na chai umempikia wewe. Betri gani itakuweza, wifi?"

Na kweli, hiyo betri niliichomoa kwenye chaja mapema, taa haijageuka kijani, kwa hofu ya moto. Lakini hilo lilikuwa dogo. Baba yako aliporudi alinieleza taratibu, bila kunicheka. Kusikiliza kunakula betri kidogo, kuongea ndiko kunakoila. Kisha akasema, "Na ukishabonyeza kitufe, mama watoto, mimi hata nikipiga kelele za kufa hunisikii."

Neno hilo lilinikata maini. Mwanangu, nilikuwa nabonyeza kwa kuogopa nisimpoteze, kumbe ndivyo ninavyomziba mdomo.

Siku hizi salamu zote tunazimaliza mlangoni. Namsalimu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni hapo hapo, majirani wanadhani anasafiri. Betri ya akiba nimemfungia kwenye kitambaa, isigusane na funguo mfukoni ikapata moto. Akifika ananiita, jua likiwa utosini ananiita, akianza kushuka ananiita. Mimi najibu, "Nimekusikia, ova," nanyanyua kidole.

Alhamisi aliniita nje ya nyakati zetu. Nikajishika mkono kwa mkono mwingine nisibonyeze. Nikasikiliza. Akasema, "Mama watoto, mzinga wa juu umefurika. Nipokee njiani na ndoo nyingine. Ova." Ni hilo tu! Nikapanda na ndoo mpaka chini ya jiwe lile. Alishuka ana uvimbe juu ya jicho, anacheka peke yake. Sijamwona hivyo tangu alipostaafu. Na redio ilikuwa bado na chaji ya kutosha.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Ile redio kubwa yenye nguvu uliyosema utamtumia mizinga ikibaki, iache dukani. Ikija ya aina nyingine itataka betri yake na chaja yake, na betri yetu ya akiba haitaiingia. Na la pili ndilo lenyewe. Mwandikie mnunuzi asije. Mwambie kwa heshima, mwambie mama amekataa. Mwenye mizinga anasikika.

Mkwe wangu msalimie, umwambie soksi zake nimeshaanza kuzifuma. Mjukuu wangu mbusu mashavu yote mawili, na paji la uso, na visigino. Mdogo wako akikupigia mwambie aniandikie naye, asijifiche nyuma ya kazi. Mafundi wa karakana wanakusalimu, lile gari walilishusha salama. Bwana Pole pia anakusalimu, kwa masikitiko.

Mungu akufunike, akuepushe na baridi na watu wabaya, akurudishe mlangoni kwangu ukiwa mzima kama ulivyotoka. Na kikohozi, usisahau kuniambia. Na soksi. Na ulale mapema.

Shangazi yako anasoma juu ya bega langu, anasema salamu zimezidi. Nimemwambia aniache, barua haina betri.

Mimi mama yako, nikupendaye na kukusikiliza.